Upepo Unatoka Wapi? Hotuba kwa Wajenzi wa Merikebu za Matofali

Ndugu wajenzi wenzangu, wageni wetu, wazazi, na nyinyi watoto mliokaa mbele hapo sakafuni, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Merikebu ya matofali ya kuchezea ikiwekwa mezani kwenye maonyesho, swali la kwanza la watazamaji huwa lile lile: imekula matofali mangapi? Ni swali zuri, na mjenzi ana haki ya kulijibu kwa fahari. Mimi nikifika kwenye meza hiyo huwa nauliza jingine: upepo unatoka wapi? Mjenzi akininyoshea kidole bila kusita, akasema unatoka kule, nyuma ya bega lako la kushoto, najua kazi yake ina uhai. Akibaki ananitazama, mara nyingi mbele yetu pana plastiki nyingi iliyopangwa kwa ustadi mkubwa, basi. Leo nimekuja kuwaomba mlichukue swali hilo, kwa sababu naamini uhalisia wa chombo cha matanga unaanzia hapo.

Hebu tufikiri pamoja. Merikebu ya matanga ni mashine, na upepo ndio injini yake. Urefu wa milingoti, unene wa kamba, mbavu zilivyopinda, mahali pa usukani, hata namna mabaharia wanavyosimama juu ya sitaha, vyote ni majibu kwa upepo. Sasa sisi tunaijenga juu ya meza, ndani ya ukumbi ambao hauna upepo wowote. Kazi yetu yote ni kumfanya mtazamaji auone upepo ambao haupo.

Wapo mabaharia waliotutangulia katika kufikiri hivi. Mwaka 1805 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alianza kuupanga upepo kwa madaraja, na madaraja yake yakaja kutulia kuanzia 0, yaani shwari, hadi 12, yaani kimbunga. Ninachokipenda ni kwamba hakuanza na chombo cha kupimia. Alipima kwa matanga: katika daraja hili manowari hubeba matanga gani, na katika daraja lile hulazimika kupunguza yapi. Katika daraja la 5 bado inaweza kubeba hata matanga madogo ya juu kabisa. Ikifika la 8, matanga ya kati ya milingoti yamekunjwa mara tatu ili yapungue. Katika la 12 hakuna turubai inayostahimili. Baadaye yakaongezwa maelezo ya bahari yenyewe: katika la 3 povu jeupe linaonekana hapa na pale, katika la 4 linazidi, na kuanzia la 7 upepo unaanza kulivuta povu hilo kuwa mistari mirefu.

Mnaona zawadi tuliyoachiwa? Ukichagua namba moja tu kabla hujagusa tofali, umekwisha kuamua matanga mangapi yafunguliwe, mawimbi yawe na kimo gani, na povu uliweke wapi. Katika daraja la 4 mawimbi ya bahari wazi huwa na kimo cha mita 1 hivi, katika la 6 mita 3. Kwa skeli ya 1:40, yaani kila sentimita 40 za kweli tunazijenga kwa sentimita 1, hizo ni sentimita 2.5 na sentimita 7.5. Mjenzi aliyeweka mawimbi ya matofali manane chini ya merikebu iliyofungua kila tanga lake amejenga pepo mbili zinazogombana, na jicho la mtazamaji hulihisi gombano hilo hata kama mdomo wake hauwezi kulieleza.

Kabla sijaenda mbali, niseme neno juu ya skeli, kwa maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Tofali hili tunalolitumia, la Lego, lilipewa hataza mwaka 1958 kule Denmark, na vipimo vyake havijabadilika: kutoka kinundu hadi kinundu, vile vidude vya mviringo juu ya tofali, ni milimita 8, kimo cha tofali ni milimita 9.6, na kibamba, yaani tofali jembamba, ni theluthi yake, milimita 3.2. Kisanamu chetu cha kawaida cha mtu, ambacho kilitoka mwaka 1978, kina kimo cha sentimita 4 hivi. Ukikipima kwa kimo, skeli yake inaangukia 1:40 au karibu yake. Ukikipima kwa upana mambo yanaharibika, kwa sababu miguu yake miwili peke yake ina milimita 16, na kwa 1:40 huyo ni mtu mwenye nyonga za sentimita 64. Kwa hiyo hakuna skeli moja inayomridhisha kisanamu. Mimi nafuata kimo, na chombo nakipima kwa hesabu ya 1:40 mpaka mwisho. Anayependa kufuata upana simgombezi, mradi akishachagua asibadilishe katikati ya chombo.

Sasa chukueni HMS Victory, manowari ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765. Sitaha yake ya mizinga ina urefu wa mita 57 hivi, na upana wa chombo ni mita 15.8. Kwa 1:40 hiyo ni mita 1.42 kwa sentimita 39.5, karibu vinundu 178 kwa 49. Mlingoti wake mkuu unapanda zaidi ya mita 62 juu ya maji, ambayo kwetu ni mita moja na nusu na ushee. Halafu chukueni Cutty Sark ya mwaka 1869, chombo cha kukimbiza mizigo: mita 64.7 kwa mita 11. Urefu wa Victory ni mara tatu na nusu ya upana wake na kidogo zaidi, wakati wa Cutty Sark unakaribia mara sita. Anayejenga kwa kukisia huishia kuzipa zote mbili umbo moja la katikati, kisha anashangaa kwa nini manowari yake haitishi na mkimbiaji wake haukimbii. Michoro ipo. Msanifu wa vyombo wa Sweden, Fredrik Henrik af Chapman, alichapa michoro ya vyombo vingi mwaka 1768, na jumba la makumbusho ya bahari la Greenwich limehifadhi mipango mingi ya meli za zamani. Tafuteni mchoro, uchapeni kwa skeli yenu, uwekeni chini ya vibamba. Jioni moja ya kazi hiyo inaokoa miezi ya kubomoa.

Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: uende nyuma ya chombo au mbele yake, utarudi chini ndani. Kwa hiyo turudi ngamani, kwenye bodi, yaani mwili wa chombo.

Mwaka 1989 zilipotoka seti za maharamia, kulikuja vipande vikubwa vya bodi vilivyokwisha kufinyangwa kiwandani: cha omo, cha katikati, cha tezi. Vimewaingiza watu wengi katika kazi hii, nami naviheshimu. Lakini vinakulazimisha upana mmoja na mpindo mmoja, na mbavu zake zinasimama wima. Merikebu kubwa za vita hazikuwa hivyo. Mbavu zilitanuka karibu na maji kisha zikaingia ndani kadiri zinavyopanda, ili uzito wa mizinga ya juu usogee karibu na katikati ya chombo. Mpindo huo usipokuwepo, utaona sanduku lenye matanga, hata rangi ziwe sahihi kiasi gani.

Njia ninayoiamini ni ya kujenga mifupa kwanza. Laza mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kwa vipande vyenye matundu ya pini, simamisha mataruma, zile nguzo za ndani zinazobeba ubavu, kisha jenga ubavu kama ukuta ulio huru na uuning'inize kwenye mataruma kwa bawaba au kwa klipu na vijiti. Ukuta huo sasa unaweza kulala ndani nyuzi chache za pembe upande wa juu. Pale ubavu unapoanza kukunjika kuelekea omo, uvunje katika vipande vifupi vifupi, kila kimoja na bawaba yake, na mshono uufiche kwa vibamba vilivyolazwa kama mbao nene za ubavuni, ambazo kwenye merikebu halisi zilikuwapo kweli. Matofali yaliyogeuzwa ubavu yana hesabu yake nzuri: vibamba vitano vikipangwa vinatoa milimita 16 kamili, sawa na vinundu viwili. Anayeijua hesabu hiyo anaweza kugeuza matofali upande wowote na kila kitu kikakaa bila pengo. Hata sitaha hupendeza ukiisimamisha kwa vibamba vilivyogeuzwa makali juu, kwani kila makali yanakuwa ubao wa sentimita 13 hivi kwa skeli yetu, na vinundu vinatoweka.

Bodi likishasimama, upepo unaanza kuligusa. Merikebu yenye upepo wa ubavuni haikai wima. Upande wa joshi, ule unaopokea upepo, unanyanyuka, na upande wa demani unazama. Nyuzi saba tu za mwinamo zinatosha. Kwa chombo chenye upana wa Victory kwa 1:40, nyuzi saba zina maana kwamba ubavu wa demani unashuka karibu matofali mawili na nusu, na wa joshi unapanda kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mjenzi wa mandhari, ambaye anakata chombo kwenye mstari wa maji ili akilaze juu ya bahari ya matofali, lazima ashushe ukuta wake zaidi upande mmoja. Upande wa joshi hujitokeza mbao ambazo kwa kawaida huwa chini ya maji, na hapo rangi ya chini ya chombo ionekane: kwa meli za vita za mwisho wa karne ya 18, rangi ya shaba, kwa sababu zilivikwa mabati ya shaba kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Mstari huo mwembamba wa shaba unaochungulia upande mmoja tu unamwambia mtazamaji habari za upepo kuliko bendera kumi.

Na mkishainamisha chombo, fungeni matundu ya mizinga ya chini upande wa demani. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wamekufa kwalo. Tarehe 10 Agosti 1628, Vasa, manowari mpya ya mfalme wa Sweden, iliondoka Stockholm kwa safari yake ya kwanza. Ilikuwa nzito mno juu. Upepo mmoja wa ghafla ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ya chini yaliyokuwa wazi, ikazama baada ya kwenda mita 1,300 hivi, ikachukua roho za watu. Iliinuliwa tarehe 24 Aprili 1961, na leo imo kwenye jumba lake la makumbusho pamoja na mfano wa skeli ya 1:10 ambao kila mjenzi angefaa autazame kwa saa nzima. Mara nyingi naona mifano mizuri ya matofali iliyoinama katika bahari chafu, matundu yote wazi, mizinga yote nje, kwa sababu mizinga inapendeza. Inapendeza kweli. Ila chombo kile kimebakiza dakika chache za kuelea.

Sasa milingoti. Matofali ya mviringo ya vinundu viwili kwa viwili yana tundu la msalaba katikati, na kupitia tundu hilo tunapitisha ekseli ya plastiki. Viungo vya ekseli visikutane na viungo vya matofali, la sivyo mlingoti utavunjika pale pale. Na uteremke kupita sitaha mpaka kwenye mkuku, kama wa kweli. Mlingoti uliobandikwa juu ya sitaha utalegea siku ya kwanza ya kubeba.

Kamba za kuushikilia zifungwe kwa zamu, jozi moja kulia, jozi moja kushoto, kama walivyofanya mafundi wa merikebu. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, mlingoti utapinda kuelekea huko na hautarudi. Nyuzi ziwe za unene tofauti, angalau tatu. Kamba zinazoshikilia milingoti zilipakwa lami, kwa hiyo ziwe nyeusi au kahawia iliyokolea. Kamba zinazovuta na kulegeza matanga na foromali, yale maboriti ya kulala yanayobeba matanga, zibaki na rangi ya katani. Ukitenganisha rangi hizo mbili tu, fujo yote ya nyuzi inageuka kuwa mashine inayosomeka. Na upepo upo humo pia: upepo ukitoka ubavuni, kamba za upande wa joshi ndizo zinazobeba mzigo, zimekazwa, za demani zina ulegevu kidogo. Wachache sana hulifanya hili. Atakayelifanya vizuri nitamtafuta nimpe mkono.

Foromali zisiachwe zimenyooka msalaba kama zilivyotoka kwenye maelekezo ya seti. Zinyooke hivyo pale tu upepo unapotoka nyuma kabisa. Upepo ukija ubavuni, foromali zote zinazungushwa pamoja. Merikebu ya foromali haikuweza kukaribia upepo zaidi ya nyuzi 67 hivi, kwa sababu foromali zinakwama kwenye kamba za mlingoti. Kwa hiyo omo la merikebu yako likiuelekea upepo na matanga yote yamejaa, hakuna baharia atakayekubali kwamba inakwenda. Kupiga bisho, yaani kwenda upande huu na ule ili kuukabili upepo, kunachukua muda na nafasi. Upepo mtamu kwa chombo cha aina hii unatoka nyuma kwa upande, ambapo kila mlingoti unapata haki yake. Ukitoka nyuma moja kwa moja, matanga ya nyuma yanaiba upepo wa matanga ya mbele. Kama hujui uchague upepo gani kwa kazi yako ya kwanza kubwa, chagua huo.

Matanga yenyewe. Najua humu ndani wapo wanaoshikilia kwamba tanga nalo lazima liwe la matofali. Nimeona ya namna hiyo, yamejengwa kwa vipande vya mpindo na bawaba, na kazi yake inastahili kuvuliwa kofia. Hata hivyo mimi ni mtu wa kitambaa. Tanga la matofali ni zito, linavuta mlingoti, na halina wepesi ambao ndio roho ya tanga. Tafuteni kitambaa chembamba kuliko mnavyodhani kinafaa. Kiloweshe kwa gundi nyeupe iliyotiwa maji, kilaze juu ya kitu chenye mpindo, kikauke. Kitabaki kimejaa upepo daima. Kabla ya hapo chukua penseli ngumu na rula. Turubai la merikebu lilishonwa kwa vipande vyembamba vilivyosimama, vyenye upana wa sentimita 60 hivi. Kwa 1:40 hizo ni milimita 15, karibu kabisa na vinundu viwili. Piga mistari hafifu ya kusimama kila baada ya milimita 15, pande zote mbili za kitambaa, kisha mistari ya kulala mahali pa kupunguzia tanga. Usiibonyeze penseli, ikionekana ukiwa umesimama mbali, umezidisha. Tanga hilo ukiliwekea taa nyuma yake, mistari inaonekana kwa ndani, na watu wataanza kusogea karibu bila kujua kinachowavuta.

Bendera ndiyo kosa kubwa kuliko yote, na kulirekebisha ni kazi ya sekunde moja. Tumezoea magari na baiskeli, ambapo kitambaa hupepea kuelekea nyuma. Merikebu inasukumwa na upepo unaoikimbiza, tena upepo una kasi kuliko chombo. Kwa hiyo upepo ukitoka nyuma, bendera ya tezi inapepea kuelekea mbele, juu ya sitaha, na ile ndefu nyembamba ya kileleni inaelekeza mbele kupita omo. Zungusha klipu ya bendera, umemaliza. Moshi wa jiko la sitahani nao uende huko huko, na moshi wa mizinga hivyo hivyo: ukipiga upande wa demani unakuondokea, ukipiga upande wa joshi unakurudia usoni.

Niingie baharini kidogo. Bahari ya vigae vya buluu vilivyo sawasawa ni zulia. Maji yana kina, na kina kinaonekana kwa rangi: buluu iliyokolea chini, juu yake vigae vinavyopitisha mwanga, na kadiri unavyokaribia ufuko wa mchanga badilisha tabaka la chini liwe jepesi, kwani pale jicho linaona mchanga kupitia maji. Bandarini maji huwa ya kijani kibichi chenye tope. Migongo ya mawimbi ilale msalaba kwa upepo. Povu liwekwe kwa uchoyo. Vibamba vidogo vya mviringo vyeupe, vichache kwenye vilele, vingi kwenye omo, na mkia unaonyooka nyuma ya usukani. Chombo kinachokwenda kwa kasi yake yote huchonga mawimbi yake chenyewe: kilele kimoja omoni, kingine karibu na tezi, na bonde katikati ambapo ubavu unaonekana zaidi. Pengo kati ya bodi lililoinama na bahari lisikutie wasiwasi. Limwagie vibamba vidogo vya rangi ya maji, bila kuvibana, na utavisukuma kwa kidole mpaka vikae.

Sasa nije kwenye mandhari ya nchi kavu, maana upepo hauishii ukingoni mwa maji. Chombo kilichotia nanga hugeuza omo lake kuelekea upepo, isipokuwa mkondo wa maji uwe na nguvu zaidi. Kwa hiyo kwenye bandari yako, vyombo vyote vilivyotia nanga vielekee upande mmoja. Ni jambo dogo, nalo linafanya bandari nzima ivute pumzi moja. Vilivyofungwa gatini ndivyo vyenye ruhusa ya kuelekea vinakotaka. Matanga bandarini yamekunjwa, au yameachiwa yaning'inie yakauke baada ya mvua. La kukunjwa usilikate kwa ukubwa wake kamili, litavimba mno juu ya foromali. Theluthi moja ya kitambaa inatosha.

Gati lenyewe litazameni kwa makini kabla ya kulijenga. Nguzo yake ina mistari. Chini kabisa, ambapo maji hayatoki, ni nyeusi. Juu yake kuna ukanda wa kijani wa mwani, halafu ukanda wa kijivu wenye makombe madogo yaliyoshikamana na mti, halafu mti mkavu uliopauka. Kwa tofali la mviringo la kinundu kimoja ni rahisi mno: moja jeusi, mawili ya kijani iliyokolea, moja la kijivu, yanayobaki ya rangi ya mti uliofifia. Nguzo zote zifuate kimo kimoja, kwa sababu maji ya bahari yamelala sawa kwa kila nguzo. Mtazamaji atajua kwamba maji yako yamekupwa, na kwamba yatajaa tena, wakati hujamwandikia neno. Ngazi za mawe zinazoshuka majini zipewe rangi zile zile kwa vimo vile vile. Miti ya juu ya mwamba unaopigwa na upepo mwaka mzima imelala upande mmoja, matawi yake yamekimbilia bara. Bawaba moja kwenye shina inatosha. Na mwamba wenyewe una tabaka. Usipange mawe ya mteremko ovyo, kila moja likitazama kwake; chagua mwelekeo mmoja wa tabaka na uufuate kutoka majini hadi kileleni.

Visanamu vyetu vya watu nitavipitia haraka. Vinapenda kusimama wima na kutabasamu kuelekea kwa mtazamaji. Virudisheni kazini. Kwenye sitaha iliyoinama, mtu hunyooka kuelekea angani, hafuati mwinamo wa sitaha. Inua mguu mmoja kwa kibamba. Wanaovuta kamba wote walale nyuma pamoja. Na mtu mmoja awe anatazama juu, kwenye matanga, kwa sababu chomboni daima kuna anayetazama matanga.

Wengi wenu mnasanifu kwenye kompyuta kwanza. James Jessiman wa Australia alitufungulia mlango huo mwaka 1995 alipotengeneza programu ya LDraw, na zimekuja programu nyingi baada yake. Ni msaada mkubwa kwa kuhesabu vipande na kujaribu rangi. Mkumbuke tu kwamba kwenye skrini hakuna uzito. Ubavu ulioshikwa kwa kinundu kimoja utakaa hapo milele kwenye programu, na mezani utaanguka usiku. Kila kiungo kinachobeba mzigo kijaribuni kwa mkono, kwa matofali yoyote ya rangi yoyote, kabla ya kuagiza. Na bodi refu ligawanyeni katika vipande vitatu au vinne vinavyofungwa kwa pini, milingoti ing'oke pamoja na kamba zake, maana mlango wa nyumba haujui kwamba umejenga merikebu ya mita moja na nusu. Likishasimama, liwekeni mbali na dirisha la jua. Plastiki nyeupe na ya kijivu hugeuka njano, na matanga meupe juu ya bodi lililopauka ni huzuni.

Kwa nyinyi mnaoanza, na hasa hawa wadogo walio mbele yangu, msingoje kupata matofali ya manowari. Chukueni msingi wa vinundu 32 kwa 32, jengeni juu yake kipande cha bahari ya daraja la 3, na mashua moja ya mlingoti mmoja yenye watu wawili. Kabla ya tofali la kwanza, bandikeni mshale wa karatasi ukingoni mwa msingi kuonyesha upepo unakotoka, na msiubandue mpaka mmalize. Wainamisheni wale watu wawili kuelekea joshi, wakikalia ukingo wa mashua ili isipinduke. Mkifika hapo nileteeni niione. Nitakuwa kwenye meza ya vyombo vidogo, na kitambaa cha matanga kipo cha kutosha kwa atakayetaka kujaribu. Maswali sasa, tuanze na mkono ule ulioinuka nyuma.